Damu ya mzee haikusema atashika kikombe lini

Siku ya tatu tangu baba yake apate kiharusi, binti alimsubiri daktari mlangoni mwa wodi, simu mkononi. Mjomba alikuwa ametuma ujumbe kwenye grupu la familia: nje ya nchi kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mgonjwa wa kiharusi atapona. Ndugu walishaanza kuchanga. Hata pikipiki ya mzee ilitajwa iuzwe.

"Daktari, tumpime baba?"

Daktari hakumcheka. Alimwambia habari ile ina ukweli ndani yake. Ubongo ukikosa damu, nyuzi za neva huharibika na kuachia protini iitwayo neurofilamenti, na kiasi kidogo huingia kwenye damu. Watafiti huipima. Mara nyingi wenye kiwango kikubwa ndio walioumia zaidi na wanaochelewa kupata nafuu.

"Lakini hiyo ni picha ya wagonjwa wengi kwa pamoja," alisema. "Baba yako ni mmoja."

Kiwango hicho hupanda pia kwa umri na kwa ugonjwa wa figo. Tena damu haisemi ni wapi palipoumia. Jeraha dogo kwenye njia inayoendesha mkono linaweza kuulemaza mkono mzima. Kubwa zaidi mahali pengine likauacha salama. Ndiyo maana kipimo hicho bado kiko zaidi mikononi mwa watafiti.

Kisha akasogea kitandani. "Mzee wangu, inua mkono huu utoke ubavuni. Haya, sasa kunjua vidole."

Bega lilisogea. Vidole viwili vilikunjuka kidogo, vikitetemeka. Binti aliona si kitu, lakini daktari alitabasamu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wagonjwa walioweza kufanya hayo mawili ndani ya saa 72, hata kwa shida, karibu wote walirudi kuutumia mkono kwa kiasi fulani baada ya miezi 6. Kwa wasioweza, ilikuwa takriban mmoja kati ya wanne. Kipimo chenyewe hakigharimu hata shilingi.

"Kwa hiyo atapona?"

"Ana nafasi nzuri, ila mkono usipofanyishwa kazi, nafasi hiyo inapotea."

Jioni binti aliandika kwenye grupu: msiuze kitu. Mchango ukaenda kwenye nauli za kliniki ya mazoezi ya viungo na vidonge vya presha, ambavyo mzee aliacha kumeza mwaka uliopita alipojiona mzima. Kadi yake ya kliniki ilikuwa droo ya kabati, presha imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Onyo lilikuwepo nyumbani muda wote.

Mwezi wa nne, mzee alishika kikombe kwa mkono ule. Nusu ya chai ilimwagika. Mkewe akakijaza tena, akakirudisha upande uleule.