Kasongo na Kabambare: Ni Nani Atakayemwuguza Mzee?

Msafiri auvukaye mto Lualaba na kushika njia ya mashariki hakawii kufika Kasongo. Hapa palikuwa na mji wa Tippu Tip, uliotwaliwa na majeshi ya Dhanis mwaka 1893. Na Kiswahili kilicholetwa na misafara ya siku zile chasemwa mpaka leo sokoni, shuleni na kanisani. Mbele, zaidi ya kilometa 100, ni Kabambare, katika nchi ya Wabangubangu. Njia ni mbaya. Wakati wa mvua magari hukwama matopeni, bali baiskeli na pikipiki hupita, zikibeba mchele, mawese, na mara nyingine mgonjwa aliyefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva.

Wagonjwa hao ndio waliotushughulisha safarini. Katika hospitali za pande hizi mtu halazwi peke yake. Nyuma yake yuaja mama, dada au shangazi, mwenye sufuria, mkeka, ndoo na kuni. Huyo ndiye mwuguzaji: huchota maji, hupika sombe, humwosha mgonjwa, humgeuza kitandani na kukesha naye. Hali ikizidi usiku, ndiye akimbiaye kumtafuta mwuguzi, naye mwuguzi yu katika chumba kingine, kwa maana yu peke yake zamu nzima.

Basi, tufikiri hali ya mzee asiye na mtu. Katika hospitali moja tulimwona babu ambaye wanawe walikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa kuwa hakugeuzwa, alikuwa na vidonda mgongoni. Uji wake ulipoa kando ya kitanda, maana hakuweza kuufikia. Mama wa kitanda cha pili, aliyekuja kwa ajili ya mtoto wake, ndiye aliyemlisha. Huko Ulaya wazee wengi hukaa katika nyumba za kuwatunzia; na huko nako, wauguzi wakipungua, huja vidonda vile vile, kiu ile ile na upweke ule ule.

Upungufu huu una sababu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria ya kwamba nchi yahitaji waganga, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000. Katika Kongo kituo cha afya cha shamba hukusudiwa watu kama 10,000, nao wauguzi wake ni wachache tu. Wengi hawapati mshahara wa serikali, huishi kwa malipo ya wagonjwa. Nani atashangaa wakihamia Kindu au Bukavu?

Walakini Kasongo iliwahi kuwafundisha wengine. Katika miaka ya 1970 waganga wa Kikongo na wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp hawakungoja waganga wawe wengi. Waliweka wauguzi katika vituo karibu na vijiji, na hospitali wakaiachia kazi zisizowezekana kituoni. Mwaka 1988 Van Lerberghe na Pangu waliandika jinsi vituo hivyo vilivyoipunguzia hospitali wagonjwa waliotibika karibu na kwao. Mikono michache, ikipangwa vema, hufanya kazi kubwa.

Lakini mpango wowote haumgeuzi mzee kitandani pasipo mtu. Yatupasa kuidai serikali iwalipe wauguzi. Yawapasa wanafunzi wenye moyo kuingia shule za wauguzi, na kurudi kwao wakiisha kuhitimu. Nasi watu wa parokia, tusiwauguze wa damu yetu tu. Nyumba saba za mtaa mmoja zaweza kugawana siku saba za juma: moja uji, nyingine maji, nyingine kukesha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na anayekwenda hospitalini kesho kumwona ndugu yake, aulize kwanza kama yupo kitandani mzee asiye na wake.