Mgeni Aliyehamia kwa Shangazi

Yuko mgeni anayebisha hodi kwa upole, akapewa kigoda, na kabla hujageuka amekuwa mwenye nyumba. Kule Marigat, Baringo, mgeni huyo anaitwa mathenge.

Shangazi yangu ameolewa huko. Mti huu wa asili ya Amerika ulipopandwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, naye aliupokea kwa furaha. Sasa umemeza malisho yake. Maganda yake matamu yaliwaozesha mbuzi meno, na pengine unakumbuka yule mbuzi kibogoyo aliyeletwa mahakamani Nairobi katika kesi ya mwaka wa 2006. Sisi wa mjini tulicheka. Shangazi hakucheka, maana mbuzi ndio waliokuwa karo ya watoto wake.

Nilipomtembelea nilimwuliza mbona kwake mathenge imejaa, na ndani ya ua wa jirani imo michache tu.

"Mwanangu," akanijibu, "mle nyasi ni nyingi na za kila aina. Kwangu mifugo iliacha udongo mtupu. Mgeni angekosaje pa kulala?"

Mwingereza Charles Elton aliandika jambo kama hilo mwaka wa 1958: penye aina chache za viumbe, mgeni huingia kwa urahisi zaidi. Mmea wa mizizi mifupi hunywa maji ya juu, wa mizizi mirefu hunywa ya chini. Huu huwahi mvua, ule huchelewa. Mbegu ngeni ikianguka hapo hukuta sufuria zimekwisha kukombwa. Huko Minnesota, Marekani, David Tilman na wenzake walipanda vishamba vya aina 1, 2, 4, 8 na 16 kuanzia mwaka wa 1994. Kadiri aina zilivyozidi, ndivyo magugu yalivyopungua.

Hata hivyo usidhani nyasi ni ukuta wa mawe. Nchi kubwa yenye rutuba mara nyingi huwa na mimea mingi ya kienyeji na wageni wengi vilevile. Tena mathenge ikishazamisha mzizi wake chini kabisa, haiogopi nyasi yoyote. Shangazi huikata akachoma makaa, nayo huchipuka tena.

Mwaka huu amezungushia ua kipande kidogo, aking'oa visiki kwa jembe na kupanda nyasi za kienyeji za aina tatu. Juzi amenitumia ujumbe: nimtafutie mbegu za aina ya nne.