Mwaka Mmoja Kando ya Ziwa Mille Lacs



Nilipotoka Uvira kwenda Marekani kumsaidia binti yangu aliyekuwa amejifungua, mliniambia: "Mama, utuletee habari." Nimekaa kule mwaka mzima na sasa nimerudi. Wengi wananiuliza juu ya magari na majumba, lakini mimi ni muuza samaki, na habari niliyobeba ni ya samaki. Nadhani inatufaa, kwa sababu kila tunapokutana tunabishana juu ya ile miezi mitatu ya kufunga uvuvi kwenye Tanganyika yetu, tangu Mei 15 mpaka Agosti 15.

Binti yangu anakaa katika jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa, karibu na Kanada. Ziwa lao linaitwa Mille Lacs. Ninyi mliosoma Kifaransa mtacheka: ni ziwa moja, wanaliita maziwa elfu! Wenyeji nao hawasemi kwa Kifaransa, wanatamka "Milaksi". Waojibwe, ambao ndio wenye nchi hiyo tangu zamani, wana jina lao, Misi-zaaga'igan, yaani ziwa kubwa. Ni kubwa kweli, ukisimama ufukoni huoni ng'ambo vizuri. Lakini halina kina. Mahali pa chini kabisa ni kama mita 13 tu, wakati Tanganyika yetu inashuka zaidi ya mita 1,400.

Nilifika Januari. Mkwe wangu akaniambia, "Mama, Jumamosi tunakwenda kuvua." Nikatazama nje, baridi ilikuwa nyuzi ishirini na kitu chini ya sifuri. Nikamwuliza mtumbwi uko wapi. Akasema tunakwenda na gari.

Wamama, gari liliingia juu ya ziwa. Nilishika mlango kwa mikono miwili, nikaanza kusali kwa sauti. Maji yote ya juu yalikuwa yameganda kuwa barafu, na juu yake kulikuwa na barabara iliyofagiliwa theluji, watu wanalipia kupita, na mahali penye ufa wameweka daraja dogo. Vibanda vilitapakaa kila upande kama soko. Mzee mmoja jirani yetu, ndiye aliyetukaribisha kwenye kibanda chake, alinifundisha hesabu ya barafu: sentimita 10 mtu anaweza kutembea kwa miguu, lakini gari linataka 25, hata 30 au zaidi kadiri ya uzito wake. Na hakuna barafu ya kuaminiwa moja kwa moja, ndiyo sababu kila mara mtu anatoboa kwanza na kupima. Kila mwaka wako wanaozama kwa sababu hawakupima.

Ndani ya kibanda kulikuwa na jiko la gesi na viti. Mzee alitoboa tundu kwa mashine, upana wa sahani, akashusha uzi wenye ndoana na samaki mdogo wa chambo. Nilimwuliza samaki wanaishije huko chini bila kuganda. Akanieleza kwamba maji yakifika nyuzi nne huwa mazito kuliko maji mengine yote, hivyo yanashuka chini, na yale ya baridi zaidi yanabaki juu na kuganda. Barafu inakuwa blanketi, na samaki wanakaa chini yake, wanakula polepole.

Jioni jua lilipozama, uzi wangu ukavutwa. Nikatoa samaki mwenye urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, mgongo wa dhahabu na kijani, macho meupe yanayong'aa kama ya paka gizani. Huyo wanamwita walai, na ndiye samaki wa heshima wa jimbo zima. Macho yale yanamwezesha kuona kwenye mwanga hafifu, ndiyo maana anavuliwa sana asubuhi mapema na magharibi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga bugali kichwani. Mzee akachukua rula, akampima, kisha akamrudisha ndani ya tundu. Hakuwa na kipimo kilichoruhusiwa. Niliumia moyo, siwafichi. Tulirudi na perchi wachache, samaki wadogo wenye milia, nikawakaanga kwa mawese ambayo binti yangu anayatunza kama dawa.

Mwisho wa Februari, uvuvi wa walai unafungwa mpaka katikati ya Mei. Hapa ndipo nilipotega sikio. Aprili barafu inayeyuka, kwa kawaida mwishoni mwa mwezi, na walai wanakuja kwenye mawe ya ufukoni, maji mafupi kabisa, kutaga mayai. Ukiwavua wakati huo unavua na kesho yako. Lakini wao hawafungi ziwa lote. Perchi wanaendelea kuvuliwa, kwa sababu ndoana inakuruhusu kumrudisha usiyemtaka. Kwetu wavu wa taa unapandisha ndagala na mukeke mchanga pamoja, hauchagui. Nilielewa kwa nini kwetu ni vigumu kufunga samaki mmoja na kuacha mwingine.

Wakati huo huo wa Aprili, Waojibwe wanatega nyavu zao. Wazungu wengi walinung'unika juu ya jambo hili miaka mingi. Lakini mwaka 1837 wazee wa Waojibwe, walipoachia serikali ardhi, waliandikisha kwamba haki ya kuwinda na kuvua inabaki yao. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1999 majaji watano kati ya tisa wakasema: mkataba ungali hai. Leo jimbo na jamii nane za Waojibwe wanakaa meza moja, wanakubaliana kila mwaka ni kilo ngapi za walai zitatolewa, na kila upande unapata fungu lake.

Mei uvuvi unapofunguliwa, mara nyingi ni wikendi ile ile ya Sikukuu ya Mama. Wanawake wa kule wanatania kwamba siku ya mama, baba yuko ziwani. Nami niliwaona wanawake wengi wakiendesha mashua zao wenyewe, na watoto nyuma wamevaa makoti ya kuelea. Kila mtu aliyefika miaka 16 ana kibali mfukoni. Juni na Julai jua linachelewa kuzama mpaka saa tatu usiku, na upepo ukivuma, ziwa lile lisilo na kina linachafuka kwa dakika chache. Mawimbi yake ni mafupi na makali, usiyadharau.

Septemba miti inageuka rangi nyekundu na manjano. Ndipo watu wa serikali wanapotega nyavu zao za kuhesabu, mahali pale pale kila mwaka, ili wajue samaki wamepungua au wameongezeka. Hesabu ile ndiyo inayoamua mwaka ujao.

Na hesabu iliwahi kuwa mbaya. Maji yalikuwa yamekuwa meupe kupita kiasi, na tangu 2005 kome wadogo wa kigeni wenye magamba mawili walionekana ziwani, wanaochuja maji usiku na mchana. Walai hapendi mwanga mkali, na watoto wake wakawa hawafiki ukubwa. Mwaka 2015, Agosti 3, jimbo likafunga uvuvi wa walai katikati ya msimu. Mwaka uliofuata watu walivua na kumrudisha kila walai majini. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ufukoni aliniambia kwamba majira yale vyumba vyake vilibaki vitupu, akauza mashua mbili ili alipe deni. Nilimwuliza kama aliona kufunga ni kosa. Akanyamaza kidogo, akasema kosa lilikuwa kumwambia siku chache kabla.

Neno lile nimerudi nalo. Najua tofauti. Kule wengi wanavua kwa kujifurahisha, wakikosa wanakwenda dukani. Kwetu ziwa likifungwa, ada ya shule inafungwa pia. Mimi mwenyewe nililea watoto watano kwa beseni la ndagala. Kwa hiyo sitawaambia kwamba kufunga ni rahisi kwa sababu Wamarekani wanafunga. Lakini pia siwezi kusahau kwamba nilipoanza biashara, kilo ya mukeke haikuwa chakula cha matajiri.

Ninaleta mambo matatu kwa mkutano wa juma lijalo. Kwanza, tuombe wanawake wauza samaki wawe na kiti mahali ambapo tarehe na hesabu zinazungumzwa, kama Waojibwe walivyo na kiti chao. Pili, tuombe kila mwaka watuonyeshe hesabu, ili tuone njaa yetu imezaa nini ziwani. Tatu, kuanzia Septemba hii kila muuzaji aweke kitu kidogo kwenye sanduku la chama, la kula Juni na Julai. Hata franka mia tano kwa siku ya soko.

Atakayepinga aje apinge mbele yetu wote. Nitaleta chai, na picha ya gari juu ya ziwa, kwa wale ambao bado wanasema nawadanganya.