Fidia Iliyomnyima Askari Nyumba

Mwaka 2023 nilikwenda Los Angeles, Marekani, kumtazama binti yangu aliyekuwa amejifungua. Kila alfajiri nilitoka kunyoosha miguu, na kila alfajiri nilimkuta mzee mmoja akikunja blanketi ndani ya gari kuukuu lililoegeshwa kando ya bustani. Alikuwa akichechemea. Tulianza kwa kuamkiana, tukaishia kugawana chai yangu ya chupa. Nilimwita Mzee; akalipenda jina hilo hata naye akawa ananiita Mzee.

Alipigana Vietnam angali kijana, akarudi na vyuma mguuni. Ndugu msomaji, nilidhani kama ambavyo nawe ungedhani, kwamba serikali yake ilimsahau. La! Serikali ilikuwa ikimlipa fidia ya ulemavu kila mwezi, na fidia hiyo hiyo ndiyo iliyomfungia mlango wa nyumba.

Kule upo mpango uitwao HUD-VASH, ulioanza mwaka 1992 na kupanuliwa sana mwaka 2008. Askari wa zamani asiye na makazi hupewa hati ya msaada wa kodi: yeye hulipa kiasi cha asilimia 30 ya pato lake, na serikali humlipa mwenye nyumba sehemu iliyosalia. Tena hupewa mtu wa ustawi wa jamii wa kumfuatilia. Sitaki kuubeza mpango huo. Mwaka 2010 askari wa zamani wasio na makazi walihesabiwa zaidi ya 74,000. Januari 2024 walikuwa 32,882.

Lakini mwenye kuomba alipaswa awe na pato lililo chini ya kikomo, aghalabu nusu ya pato la katikati la eneo lake, na baadhi ya nyumba zilizojengwa Los Angeles kwa ajili yao zilitaka pato la chini zaidi ya hapo. Fidia nayo ikahesabiwa kuwa pato. Basi aliyeumia kidogo aliweza kupita, na aliyeumia sana akaachwa nje. Mwaka 2024 aliyehesabiwa kuwa mlemavu kabisa alilipwa zaidi ya dola 3,700 kwa mwezi. Kwetu hizo ni fedha nyingi. Kule mwenye nyumba hudai dhamana, kisha huchungulia madeni yako ya miaka iliyopita, na mtu aliyelala garini muda mrefu mara nyingi hana rekodi ya kujivunia.

Jambo hili lilinigusa kwa sababu yangu mwenyewe. Mashine ya kiwandani ilinikata vidole viwili, nami nikalipwa fidia. Fedha zile sikuzitolea jasho, nilizitolea vidole. Laiti karani angeniambia kwamba kwa kuwa nimelipwa sistahili tena kitu fulani wanachopewa wenzangu wenye vidole kumi, sijui ningemjibu nini. Yule mzee alijibiwa hivyo dirishani, akakunja karatasi zake akarudi garini.

Agosti 2024 wizara inayosimamia nyumba ilibadili kanuni. Fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi wa jeshi isihesabiwe tena katika kuamua nani anastahili HUD-VASH, na kikomo cha pato kikapandishwa hadi asilimia 80 ya pato la katikati. Mwezi uliofuata Jaji David O. Carter, ambaye mwenyewe alijeruhiwa Vietnam, aliamuru zijengwe nyumba 1,800 za kudumu na 750 za muda katika ardhi ya magharibi ya Los Angeles, iliyotolewa mwaka 1888 iwe makao ya askari walemavu. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa imekodishwa, pamoja na mambo mengine, kwa uwanja wa besiboli wa chuo kikuu! Serikali ilikata rufaa.

Katika kukadiria kodi, fidia iliendelea kuhesabiwa. Hapo sina ugomvi. Aliyekwisha kuingia ndani achangie kwa kadiri ya alicho nacho.

Binti yangu alimpelekea mzee habari ya kanuni mpya. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: je, ataanza foleni upya, au atasimama pale walipomtoa?