Kaza Kamba Ukifika Kwa Mathias

Kwa Mathias, Kibaha
Jumapili, baada ya alasiri

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako mguu umepungua kuvimba, na mihogo ya kile kipande chetu kilichobaki Kisarawe imeshika vizuri. Hayo yatosha, maana siyo yaliyonikalisha na kalamu.

Nimeambiwa kwamba Ijumaa pikapu yako ilipita hapa ikielekea Mlandizi. Aliyeniambia ni kijana wa bodaboda wa hapa kituoni, na yule haongezi chumvi. Anasema juu ya keria kulikuwa na madumu sita ya maji, spea tairi na jenereta, na turubai linapepea kama tanga lililokatika kamba. Nyuma kwenye bodi mlikuwa na mahema na magodoro. Nikamuuliza mara mbili: mazito juu, mepesi chini? Akasema, "Ndivyo, Mzee." Usiku ule usingizi ulinipaa.

Kazi ya kupeleka wageni kupiga kambi ni kazi ya heshima, na nimefurahi kusikia kwamba wiki ijayo unakwenda nao Ruaha. Lakini piga hesabu. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20. Sita ni kilo 120, hujagusa tairi wala jenereta. Hao ni watu wazima wawili umewalaza juu ya paa, na kila kona wanalivuta gari lilale. Babu yako alikuwa baharia wa majahazi ya Bagamoyo. Hata baiskeli hakuijua, lakini hili alilijua: farumi hukaa ngamani. Hakuna nahodha aliyepandisha mawe kwenye foromali.

Sasa nikueleze jambo ambalo mama yako analijua nusu tu.

Mwaka 1996 niliendesha Land Cruiser ya kampuni moja ya kambi, tukipeleka vifaa Selous. Enzi hizo lote lilikuwa bado pori la akiba. Hii Hifadhi ya Taifa ya Nyerere imemegwa humo mwaka 2019. Njia yetu ilikuwa Kibiti hadi Mloka. Nilikuwa kijana, nikijisifu kwamba hakuna anayepakia upesi kunishinda. Asubuhi ile tulichelewa, nikapakia kila kitu kadiri kilivyoletwa. Sanduku la huduma ya kwanza lilitangulia, likafuatwa na magunia ya unga, mahema na magodoro. Maji yalikuja mwisho, yakapanda juu. Jeki nikaitupa nyuma ya kiti cha utingo bila kuifunga.

Tulipokwisha kuiacha Kibiti, barabara ilikuwa mchanga mtupu. Mbuzi akakatiza. Nilikata usukani kidogo tu kulia, mkato ambao gari tupu lisingeusikia. Gurudumu la kushoto likazama, na hapo hapo nikasikia maji yakihama juu ya kichwa changu, kwa sababu dumu lisilojaa hucheza, na likicheza huongeza uzito upande unaoanguka. Gari halikupinduka kwa kishindo. Lililala taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti, nami nimeshika usukani usionitii tena. Ardhi haikumuumiza utingo wangu. Aliumizwa na jeki. Iliruka kutoka nyuma ya kiti ikamvunja bega la kulia.

Na sanduku la huduma ya kwanza? Chini kabisa, mbele, chini ya kila kitu. Nilifukua mzigo kwa mikono mpaka jua likazama, yeye amekaa chini ya mti anauma shati lake asipige kelele. Nilipolifikia, wanakijiji walikuwa wameshakuja na chemli na kumfunga mkono kwa kanga. Mkono ule hadi leo hauinuki. Nikikutana naye Mlandizi hunipa wa kushoto, na kila mara huniomba radhi kwa kunipa wa kushoto. Yeye ndiye anayeniomba mimi radhi, mpwa wangu.

Kwa hiyo ninapokuambia panga mzigo, usidhani nakufundisha umaridadi.

Kizito kikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, kimeegemea ukuta wa kebini. Ukikirundika mwisho wa bodi, pua ya gari huinuka na usukani huwa mwepesi usivyotaka. Maji, dizeli, betri ya akiba na vyakula vya makopo vikae huko, navyo vifungwe visisogee mbele wala pembeni. Mahema na magodoro yaje juu yake. Keria iachie viti vya kukunja na vya namna hiyo. Ndani ya kebini kisibaki chuma kisichofungwa, hata spana moja.

Ukitaka droo, tumia plaiwudi. Mninga ni mti wa kitanda. Uzito wake utakula nafasi ya mzigo wako. Na kama fedha haijatosha, tranka za bati wanazokwenda nazo watoto bweni zinafaa sana. Kila tranka iwe na kazi yake: moja ya jikoni, moja ya chakula, moja ya vyombo vya gari, na isizidi uzito anaouinua mtu mmoja. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walibeba frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na kila mzigo ulijitegemea ili mmoja akiugua mwenzake aubebe. Hayo ni maarifa ya njia hii hii yetu ya bara.

Kitakachotangulia kutumika kiingie mwisho. Beleshi, jeki na ubao wa kuiwekea jeki mchangani vikae pale mkono unapofika hata gari likizama. Sanduku la huduma ya kwanza likae kebini, na kila mgeni aonyeshwe lilipo.

Mtungi wa gesi usimame wima, nje ya kebini, koki imefungwa. Unga na sukari viwe kwenye ndoo yenye mfuniko, maana vumbi la Tungamalenga hupenya popote. Machungwa usilaze hemani, tembo huyanusa. Ukijaza dumu la plastiki kituo cha mafuta, literemshe chini kwanza. Wakati wa kurudi, shuka mlima Kitonga kwa gia, breki ziwe za akiba.

Sasa la moyoni. Gari una miezi minne nalo, nami sijaligusa. Keria ulifungiwa na mafundi wa mjini, na mimi niliyekaa kwenye usukani miaka 31 habari nimeletewa na jirani. Baba yako naye aliuza shamba la Kisarawe tukasikia kwa watu. Nilisema nimesamehe, na nimesamehe. Lakini tangu 1996 hadi nilipostaafu sikulaza gari tena, wala hakuna aliyepanda nami akaumia. Ujuzi huo ni mali, na mrithi wake ni wewe.

Jambo la mwisho. Kamba hulegea mwanzo wa safari. Mzigo ukishatikiswa hushuka na kukaa, na kamba iliyobana Mbezi ikifika Kibaha inacheza. Dereva anayejua kazi husimama baada ya kilomita za mwanzo, azunguke gari, akaze. Kwa anayetoka Dar es Salaam, mahali hapo ni hapa. Ijumaa turubai lako lilipepea mbele ya baraza yangu, nawe ukapita.

Wiki ijayo simama. Nimeshakata raba 20 za tyubu, nzuri kuliko kamba za dukani. Tutayateremsha maji yale pamoja, mimi nikikuonyesha fundo moja moja. Wageni wako watakula mihogo ya Kisarawe na chai ya mama yako. Nitakuwa barazani tangu alfajiri.

Mungu akulinde.

Mjomba wako