Morris ya Marehemu Baba na Mikono ya Hina



Wengi wenu mliiona picha ya bibi harusi wetu mdogo, mikono imejaa hina, ameegemea Morris Minor ya buluu, mkatuuliza tumeikodi wapi. Hatukuikodi. Ni gari ya marehemu Baba, Allah amrehemu, na siku ya harusi haikutoka hata nje ya geti. Leo tunawasimulia kwa nini.

Sisi ni dada watatu, na kaka yetu yuko Muscat. Baba alipofariki, gari ilibaki uani chini ya mwembe. Morris Minor ni gari ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, na kiwanda kiliacha kuiunda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hii ya Baba ina injini ya cc 1098, iliyoanza kutiwa mwaka 1962. Baba hakuwa fundi kwa kazi, lakini gari hiyo aliitengeneza mwenyewe kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na Mama akimshikia tochi na kumpa spana.

Kabla hatujagusa hata nati moja, tulikumbushwa jambo ambalo familia nyingi hulisahau: gari ile haikuwa yetu, ilikuwa ya warithi wote. Madeni ya Baba yalilipwa kwanza. Kisha shehe akatufafanulia: Mama anachukua thumuni, na kinachobaki mtoto wa kiume anapata mafungu mawili ya mtoto wa kike. Ukiigawa gari mafungu 40, Mama ana 5, kaka ana 14, na kila mmoja wetu ana 7. Kaka alitaka iuzwe, na ilikuwa haki yake kusema hivyo. Tukakubaliana bei mbele ya ami, tukamlipa kidogo kidogo mpaka akamaliza chake. Mama fungu lake alikataa kuliuza. "Na mimi namo humo," alisema.

Mama alikuwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi, na tulimwona anavyonyong'onyea ndani. Basi tukaanza kazi pale pale uani, geti limefungwa, yeye amekaa kwenye kiti mlangoni. Tulianza na madera, kumbe dera na feni ya injini havipatani hata kidogo. Tukavaa suruali na kanzu fupi, mitandio tukaifunga nyuma ya shingo, pete na bangili tukazivua.

Hatukujua kitu. Mama ndiye aliyejua, kwa masikio. Tulipofungulia switchi ya gari, pampu ya petroli ilikaa kimya. "Haigongi," alisema. "Babaenu alikuwa akiigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi." Tukaigonga, ikaanza tik-tik-tik mpaka petroli ikajaa, ikanyamaza. Mama akainamisha kichwa, akalia. Ilikuwa sauti ya Ijumaa zake zote.

Tulijifunza pole pole. Betri ya gari hii inafungwa kinyume na gari za leo: upande wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi. Ukikosea, unaunguza vitu. Tulinunua fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Platini inataka inchi 0.015, plagi inchi 0.025, na vali inchi 0.012, injini ikiwa baridi. Kabureta ina mafuta yake juu, unafungua kifuniko na kutazama. Ukiyasahau, gari inasitasita ukikanyaga moto. Viungo vya magurudumu ya mbele vinataka kupigwa grisi mara kwa mara, maana cha chini kimekaa kwa nyuzi kama skrubu, na kikiliwa kwa ukavu gurudumu linaweza kujikunja njiani. Tena kisiwani kwetu hewa ina chumvi. Kila baada ya mvua tulikuwa tunainua mikeka ya gari tukausha sakafu, maana kutu huanzia pale usipopaona. Na chini ya gari hakuna aliyeingia ikiwa imebebwa na jeki peke yake. Lazima stendi za chuma.

Mtatuuliza kuhusu udhu, na nyinyi maharusi mnalijua hili kutokana na piko. Rangi iliyobaki kwenye ngozi haina neno, lakini kitu chenye tabaka huzuia maji yasifike. Grisi ni hivyo hivyo. Tulikuwa tunasugua mafuta ya nazi na sukari kidogo, kisha sabuni ya kufulia, kisha kijiti chini ya kucha. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa inakoma nusu saa kabla ya adhana. Hatukutaka gari ya Baba iwe sababu ya kuchelewesha sala, maana yeye mwenyewe alikuwa akiacha nati nusu.

Maneno ya majirani hayakukosekana. "Watoto wa kike wanalala chini ya gari!" Mama aliwajibu kwa upole kwamba tuko ndani ya ua wetu, na mali tunayoitunza ni yetu. Tukaendelea.

Eda ikaisha, miezi ikapita, mdogo wetu akaposwa. Baba alikuwa amemwahidi tangu udogoni kwamba atampeleka kwa mumewe ndani ya Morris. Basi tukawa na tarehe. Tukaisugua kwa msasa, tukapaka rangi pale palipobabuka, mto wa kiti cha nyuma ukashonwa upya.

Wiki ya singo, wawili wetu tuliitoa kuijaribu mtaani. Kwenye kona ya pili tulikanyaga breki, pedeli ikashuka hadi sakafuni kama imekanyaga maji. Tukavuta breki ya mkono, gari ikaenda kusimama kwenye rundo la mchanga wa watu wanaojenga. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Lakini dakika chache kabla, watoto wa madrasa walikuwa wamepita pale pale.

Pampu ya breki ya Morris imefichwa chini ya sakafu, miguuni mwa dereva. Sisi tuliokuwa tukikausha sakafu kila mvua hatukuwahi kufungua kile kifuniko tukaitazama. Mipira yake ilikuwa imekwisha. Mipya hupatikana Uingereza, ambako vipuri vya gari hizi bado vinauzwa, lakini ingechukua wiki kadhaa. Fundi mmoja akajitolea kutia mpira wa gari nyingine: "Utashika tu mpaka harusi ipite."

Mdogo wetu alilia. Alisema ni safari fupi, twende pole pole, Allah atatulinda. Na sisi, tukiwa wakweli, tulitamani kukubali. Tulikuwa tumempa Baba miezi yote ile ya kazi. Mama ndiye aliyekata shauri.

"Ahadi ya babaako ilikuwa kukufikisha, mwanangu. Gari ni ya kufikishia tu. Na wale watoto wa njiani, yeye aliwaahidi nini?"

Hakuna aliyejibu. Kutegemea ulinzi wa Allah na huku unajua breki hazishiki, hiyo si tawakkul. Bibi harusi alipelekwa na gari ya ami, yenye kiyoyozi, na ile picha mliyoiona tuliipiga uani kabla hajatoka.

Mipira ilifika baada ya fungate. Breki hatukujifanya tunaziweza. Tulimwita fundi mzee, nasi tukawa wa kumshikia tochi. Ilipofika wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba, akaomba mtu akanyage pedeli. Kabla hatujasogea, Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva. "Kanyaga!" "Nimekanyaga." "Achia!" "Nimeachia." Wakaanza gurudumu lililo mbali, wakamaliza na la karibu. Hakukosea hata mara moja.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Mama, kwenda kumtembelea mwanawe kwa mumewe. Alikaa mbele, kapu la maandazi mapajani, na mdogo wetu alitusikia kabla hatujafika.

Dada zetu, kama kuna kitu cha mzazi kimebaki uani, maliza mirathi kwanza ujue ni cha nani. Kisha kitunze kwa ratiba, si kwa hamu ya siku moja. Na siku mapenzi yako kwa marehemu yatakapokwambia "haidhuru, leo tu", funga geti usubiri kipuri.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na awatilie baraka maharusi wote. Amin.