Kidonda Kidevuni, Chanzo Kinywani

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nilipokuwa shule ya upili niliitolea methali hii maelezo katika insha na kutuzwa alama nzuri, nisijue kwamba siku moja ingenifuata hadi usoni. Hiki ni kisa cha kidonda kilichonisumbua kwa miezi kumi na minne, na cha neno moja la Kiswahili nililodhani ninalijua.

Kilianza kama kipele kidogo katikati ya kidevu, nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Nilikidhania chunusi. Kiliiva, kikapasuka, kikatoa usaha kidogo na kunywea. Baada ya wiki tatu kilirejea pale pale. Mwenye duka la dawa aliniuzia marhamu. Katika zahanati nilipewa viuavijasumu: nilipovimeza kidonda kilikauka, nilipovimaliza kilifunguka. Nyanya alinichemshia mwarobaini, nikawa ninaosha uso asubuhi na jioni. Hatimaye tabibu mmoja alishauri kikatwe. Nilikatwa na kushonwa nyuzi tatu. Miezi miwili haikupita kabla usaha haujachungulia tena kando ya kovu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza mazoezi ya kufundisha. Si jambo jepesi kusimama mbele ya wanafunzi arubaini na plasta kidevuni. Siku moja, nikifafanua ngeli za nomino, nilimsikia mvulana wa dawati la nyuma akimnong'onezea mwenzake kwamba mwalimu ana ugonjwa. Hakusema ugonjwa gani, wala hakuwa na haja ya kusema. Tangu siku hiyo nikawa mwalimu wa kuutazama ubao. Chuoni nako nilijiondoa katika mchezo wa kuigiza wa chama chetu, nikasingizia kazi nyingi. Kila nilipozungumza na mtu, mkono ulipanda wenyewe kufunika kidevu.

Ukombozi ulinijia nisipoutarajia. Nilimsindikiza nyanya kung'oa gego katika kliniki ya meno. Daktari, mama wa makamo, alipomaliza kumhudumia alinikazia macho mimi.

"Mwanangu, hicho kidonda kina muda gani?"

Nilimweleza. Akaniambia nikalie kiti na kufungua kinywa.

"Lakini daktari, meno hayaniumi."

"Sijakuuliza kama yanauma," alijibu kwa upole.

Aliyagonga meno yangu moja baada ya jingine. Jino moja la mbele, la chini, lilikuwa limefifia rangi na kuwa la kijivujivu. Aliniuliza kama niliwahi kuanguka. Ndipo nilipokumbuka baiskeli ya amu, mteremko wa kwenda mtoni, na usukani ulionigonga mdomoni nikiwa darasa la sita. Nilivuja damu, nikaumwa siku mbili, nikasahau. Daktari aliingiza uzi mwembamba wa mpira katika tundu la kidonda, akapiga picha ya eksirei. Uzi ule uliopenya kidevuni ulikuwa umefika kwenye ncha ya mzizi wa jino lile.

"Hii ni nasuri," alisema.

Nilipigwa na butwaa. "Nasuri si maradhi ya akina mama, daktari?"

Nyanya aliangua kicheko, shavu limejaa pamba. Hakika nasuri niliyoifahamu ni ile ya uzazi, inayotajwa redioni kila tarehe 23 Mei. Kumbe neno hili, lililotufikia kutoka Kiarabu, lina maana pana zaidi: ni njia isiyo ya kawaida inayotoboka mwilini kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Daktari alinifafanulia safari ya usaha wangu. Pigo la utotoni lilikata mishipa midogo ya damu inayoingilia kwenye ncha ya mzizi. Uboho wa jino ukafa, na neva zake zikafa nao. Ndiyo maana sikuhisi maumivu. Bakteria wakapenya na kustawi ndani ya jino lisilo na ulinzi. Usaha ukakusanyika kwenye mzizi, ukala mfupa polepole, ukatafuta njia nyepesi ya kutokea. Aghalabu hutokea kwenye ufizi. Lakini ukitoboa mfupa chini ya pale msuli unaposhikamana na taya, huibukia kwenye ngozi. Meno ya mbele ya chini hutoboa kidevu, ilhali magego hutoboa shavu au ukingo wa taya.

Alilitoboa jino, akausafisha mfereji wa mzizi, na katika ziara ya pili akauziba. Kidonda chenyewe hakukigusa. Hakunipa marhamu wala hakushona. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimefunga, kikaniachia kibonyeo ambacho baadhi ya watu hukidhania urembo.

Mpenzi msomaji, kidonda cha uso au taya kikikurudia mahali pale pale, mwone daktari wa meno, hata kama hakuna jino linalouma. Na iwapo uvimbe utashuka chini ya taya, ukapata homa, au ukatatizika kumeza au kupumua, usingoje kesho, kimbilia hospitali.

Nami nilirejea darasani na uso wazi. Yule mvulana wa dawati la nyuma alikuwa akikosea upatanisho wa kisarufi katika kila insha, nami kwa muhula mzima nilikuwa nikipitisha kalamu nyekundu juu ya makosa yale yale, nayo yakirejea. Juma hilo nilimwita kando, nikamwomba anisomee sentensi zake kwa sauti, anieleze anavyozifikiria. Ilinichukua dakika kumi kugundua kwamba hakuwahi kufundishwa ngeli kabla ya kidato cha pili. Tukaanzia hapo.